Nilivyokwenda Butembo Kununua Tanuri

Wenzangu wa jumuiya, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, nami kila mmoja nimempa kipande. Mwingine nilimwambia ni hali ya usalama, mwingine nikamwambia ni magoti. Yote mawili ni kweli kidogo. Nimeona niandike safari nzima mara moja, pamoja na sehemu ambayo sijamwambia mtu.

Nilipoanzia mnapajua. Miaka ishirini na saba nilioka mikate ya shule ya wamisionari. Nikastaafu, mume wangu akafariki, watoto wakahamia Mwanza na Dar es Salaam. Nyumba ikabaki na mimi na redio. Mama Kavira tulikutana kwenye hija ya Namugongo, mvua ikitunyeshea, tumejibanza chini ya turubai moja. Alikuwa mwokaji kama mimi, mwenyeji wa Butembo, Kongo. Mchana kutwa tuliongea habari za unga na hamira, watu wa Kampala wakitushangaa. Baada ya hapo alinipigia simu kila Jumapili kwa miaka sita. Ninyi mnaniita Mama Koku. Yeye aliniita Yustina.

Nyonga ilipoanza kumsumbua, akaniambia, "Yustina, uye uchukue furu yangu." Furu ndilo jina lao la tanuri la mikate. "Batoto yangu hapana penda kazi ya bunga. We unapenda." Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Nikakubali kununua duka la mikate katika nchi ambayo sikuwahi kuikanyaga.

Tukapatana, nikaanza kufunga mizigo. Halafu siku moja akanipigia si Jumapili, sauti inakatikakatika. "Yustina, kuko mutu moya, Kasereka. Njo anauza furu. Uye mbiyo!"

Njo yao ni ndiye, uye ni uje. Nikaelewa kwamba amepata mtu wa kumshughulikia mauzo, anaitwa Kasereka, na mambo yameiva. Nikatulia moyo. Nikasubiri hata mjukuu wangu apate komunyo ya kwanza, wiki tatu nzima, ndipo nikapanda basi.

Bukoba hadi Kasese

Sehemu hii haina mengi. Mutukula, Masaka, Mbarara, migomba huku na huku kama nyumbani, hadi nikajiuliza ninahama nini. Kasese nikashikwa na homa, nikalala siku mbili katika nyumba ya wageni, milima ya Ruwenzori ikiwa dirishani. Mama aliyekuwa akifagia aliniletea uji mara mbili bila kuombwa. Hatukuwa na lugha moja ya kutosha. Alisimama mlangoni mpaka nimalize, akachukua kikombe, akaenda zake. Nikampigia Mama Kavira, simu haikupatikana. Sikujali. Nilijua Kasereka yupo.

Kasindi

Nilivuka mpaka asubuhi nikidhani nitalala Butembo. Nikakaa Kasindi siku nne. Barabara ya kwenda Beni inapita porini, na huko kulikuwa kumetokea mashambulizi, kwa hiyo magari hayakuruhusiwa kwenda moja moja. Yalisubiriana, kisha yaende pamoja na askari. Kila asubuhi tuliambiwa leo, kila mchana tukaambiwa kesho.

Nilipanga chumba nyuma ya mgahawa wa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyepika samaki wa Ziwa Edward kwa nyanya na pilipili, pamoja na ugali wa muhogo unaovutika kama utomvu. Siku ya pili akaniomba nimsaidie kuinua sufuria kubwa.

"Mimi ni bibi," nikamjibu nikicheka, "sufuria hiyo itanivunja."

Akaacha kufuta meza. "Bibi ya nani?"

"Bibi wa Deo, na wa Alistidi, na wa wengine wawili."

Wanaume waliokuwa wakila wakageuka kunitazama. Mama akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uko na babwana ine?"

Ndipo akanieleza kwamba kwao bibi ni mke. Mama ya mama ni koko. Tukacheka mpaka machozi, na yeye akawa anamsimulia kila mteja aingiaye: huyu mama ya Tanzania ana waume wanne, angalieni. Mimi pia nilicheka. Lakini nilipokwenda chumbani kulala mchana, swali lake lilinifuata. Bibi wa nani? Mume wangu ana miaka saba kaburini.

Siku ya nne akaja Papa Idi, mzee wa Beni, Mwislamu, mwenye lori la kusafirisha unga wa ngano. Mama wa mgahawa alimwomba anichukue mbele, pembeni yake. Nilifurahi kusikia kwamba unga huo huwa anaufikisha hadi Butembo, hata kwa Mama Kavira.

Kasindi hadi Beni

Tulitoka magari kama thelathini, vumbi la gari la mbele likiwa chakula cha gari la nyuma. Papa Idi aliendesha polepole akinong'ona dua. Porini hakuna aliyeongea. Tulipoanza kuona tena mashamba na watoto kando ya barabara, akapumua, akanipa ndizi mbivu.

"Papa Idi, huyu Kasereka unamfahamu?"

"Bakasereka ni bengi, mama. Huku kila nyumba iko na Kasereka."

Akanieleza kwamba Wanande humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa, ndiyo maana ukiita Kavira sokoni wanageuka wanawake sita.

"Yule wa tanuri la Mama Kavira," nikasema.

"Ah! Ule mwenye anauza furu! Namuyua. Mutu ya biashara, mutu muzuri."

"Ndiye huyo. Ndiye anayeuza."

"Njo ule."

Tukaelewana vizuri kabisa, kila mmoja kwa maana yake.

Beni nililala kwao. Mke wake, Mama Zaina, alinipa maji ya moto ya kuoga, wali na sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa kikapikwa kwa mawese. Saa kumi na mbili jioni mji mzima ulikuwa umefunga milango. Asubuhi nikaona uani kwake tanuri dogo la matofali, kuku wametaga ndani. Mama Zaina alisema aliacha kuoka tangu mgongo ulipomkataa. Nikalipigapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wa jirani, nikapanda lori.

Butembo

Butembo kuna baridi. Mji umekaa juu ya vilima, ukungu unashuka mpaka barabarani, na pikipiki ni nyingi hata ukitaka kuvuka unaomba Mungu kwanza. Maduka, maghala, mafundi, kila mtu ana haraka ya kuuza kitu. Papa Idi akasimamisha lori mbele ya nyumba yenye lango la bluu. Mama Kavira alikuwa amesimama hapo na fimbo, amekonda. Akanikumbatia, akalia. Nikadhani ni furaha.

Akanishika mkono kunipeleka uani.

Tanuri lilikuwa kubwa, zuri, kama alivyonielezea miaka yote, lakini mdomo wake ulikuwa umevunjwa. Vijana wawili walikuwa wanapanga matofali yake kwenye mkokoteni. Mwanaume wa makamo, shati safi, alikuwa anapima kiwanja kwa kamba. Akaja akanisalimia kwa mikono miwili, akitumia mais ya Kifaransa badala ya lakini.

"Pole, mama. Mi ni Kasereka. Tulisikia kama kuko mama ya Tanzania atakuya, mais ulikawiya. Nilingoya, nikachoka. Hapa naweka depo ya bipande ya pikipiki."

Nikamgeukia Mama Kavira. "Mbona anavunja? Si ulisema anauza?"

"Nilikuambia! Nilisema Kasereka anauza furu, uye mbiyo!"

"Ndiyo, anauza! Nikamwachia auze!"

"Njo vile! Anauza! Juu ya nini hapana kuya?"

Tulisimama pale tukipigiana neno moja kama watu wawili wanaovutana kanga. Mjukuu wa kaka yake akaingilia kati, akasema taratibu, "Mama, huku kuuza ni kununua. Kasereka njo alitaka kununua. Koko alikuambia uye mbele yake, asikutangulie."

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia. Lakini nilikuwa nimefunga nyumba, nimeuza ng'ombe wangu wawili, nimekaa siku nne Kasindi na homa ya Kasese bado mifupani, na matofali yalikuwa yanapakiwa mbele ya macho yangu. Niliona ni kisingizio kilichotungwa papo hapo. Nikasema, mbele ya Kasereka na vijana na majirani waliokwisha jaa langoni, "Umepata mwenye fedha zaidi, ukaniita huku unicheke. Wewe ni mwongo."

Mama Kavira aliangalia chini, akasogeza kipande cha tofali kwa ncha ya fimbo.

Sikula chakula chake. Kasereka, ambaye kweli ni mtu mwema, alinipa bati zote za kuokea, akakataa malipo. Nililala kwa masista, na asubuhi nikarudi Beni na lori lilelile. Njiani Papa Idi alitaka kusema jambo, akaniangalia usoni, akabadili gia.

Miezi kumi na minne Beni

Sikuwa na uso wa kurudi Bukoba. Nikanunua tanuri la Mama Zaina pamoja na kibanda cha mbele chenye dirisha la barabarani. Tukawatoa kuku, tukapaka udongo mpya, tukachoma kuni siku tatu kuliamsha. Nikamwajiri Masika, mama wa watoto watano aliyekimbia shamba lake la kakao upande wa Oicha. Ana mikono ya kukanda ambayo sijaiona tena popote.

Asubuhi ya kwanza mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye kikapu. "Mama, nakuya kuuza mukate."

"Hapa tunauza sisi, mama," nikamwambia kwa upole. "Mikate yako peleka sokoni."

Akanikodolea macho. Akatoa noti, akaitikisa. "Nakuya ku-u-za."

Masika akaniwahi, akampa mkate, kisha akanigeukia. "Mama, uko na kufukuza bateja. Kuuza njo yeye. Sisi ni kuuzisha."

Nikaketi juu ya gunia la unga. Siku nzima walikuja, wanaume, wanawake, watoto waliotumwa, na kila mmoja alisema amekuja kuuza mkate, na kila mmoja alinipa fedha. Hadi jua linazama nilikuwa nimelisikia neno hilo mara sitini. Kwa hiyo msidhani sikujua. Nilijua siku ya kwanza.

Simu ya Mama Kavira ilikuwa inaita kila Jumapili, saa ileile ya zamani. Niliiangalia ikiita. Mwanzo nilijiambia nitapiga nikitulia. Halafu nikajiambia nitapiga biashara ikisimama, nimwambie jambo zuri. Halafu muda ukawa mrefu mno, na kila wiki iliyopita ilifanya aibu iwe nene zaidi. Baada ya Pasaka akaacha kupiga.

Biashara ilisimama. Wakati wa Ramadhani familia za Kiislamu ziliagiza mikate ya futari hata tukashindwa kuzitosheleza. Watu walinipenda. Waliniita Mama Tanzania, na watoto walikuja dirishani waniombe niseme "ninyi nyote" au "tafadhali" ili wacheke. Mama Zaina alinitumia bakuli la chakula karibu kila siku. Wema haukunipungukia, wenzangu. Lakini saa kumi na mbili milango ilifungwa, na baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kuongea naye mpaka alfajiri Masika agonge. Wiki nyingine habari mbaya zilikuja kutoka vijijini, na asubuhi Masika alikanda bila kusema, nami sikujua lugha ya kumpa pole iliyotosha. Jumapili ilikuwa mbaya kuliko zote. Nilikwenda misa, wakaimba kwa Kinande, nikafungua mdomo kuwafuata nisijue ninasema nini. Nikirudi nilijipikia ndizi, nikaongea Kihaya na sufuria. Siku moja niligundua kwamba tangu nifike Beni hakuna aliyeniita Yustina.

Sasa sehemu ambayo sijamwambia mtu.

Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Tulikuwa tunakata donge la pili. Gari dogo likasimama mbele ya kibanda, magodoro yamefungwa juu. Masika akaenda dirishani, akarudi.

"Mama, kuko mama mukubwa mu gari. Hapana weza kushuka, muguu inamuuma. Anasema ni Kavira ya Butembo. Binti yake anamupeleka Kasese, atakaa kule. Anakuulizia."

Kati yangu na dirisha palikuwa na pazia. Nikalisogeza kidogo. Nikamwona ameketi nyuma, kitambaa cheupe kichwani, fimbo katikati ya magoti, anatazama mlango wangu.

Nikasema, "Mwambie nimekwenda sokoni."

Masika aliniangalia. Yeye aliyeacha ndugu zake msituni bila kuwaaga, aliniangalia. Kisha akaenda akasema nilivyomtuma. Gari halikuondoka mara moja. Lilikaa pale muda wa mtu kumaliza rozari nusu, injini imezimwa. Halafu likawashwa.

Mkate wa siku ile uliungua. Wa kesho yake haukuumuka. Sitaki kusema ni kwa sababu hiyo, hamira ilikuwa ya zamani, lakini nilijua nimemaliza kuoka Beni. Mwezi mmoja baadaye nikamwachia Masika tanuri, bati na dirisha. Namna tulivyopatana ni yetu wawili. Mama Zaina akanifungia sambusa kwa safari. Papa Idi akawasha lori.

Beni hadi Kasese

Msafara ulikwenda siku ileile, bila kuchelewa hata saa moja. Ningependa ungechelewa.

Kasese nilipata nyumba ya binti yake kwa kuulizia. Mama Kavira alikuwa uani, kwenye kiti cha chini, ungo wa maharage mapajani. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye maharage.

"Kuko kiti," akasema.

Nikaketi. Nikachota maharage kiganjani, nikaanza kuchambua pamoja naye, maana sikujua la kufanya na mikono. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Beni. Yakatoka mengine.

"Siku ile sikuwa sokoni."

"Nilikuona, Yustina." Hakuinua macho. "Mukono yako ilikuwa na bunga. Ikashika pazia."

Nikalia. Aliniacha nilie, hakunizuia wala hakunishika.

"Mi hapana kasirika juu ya furu," akasema baadaye. "Furu ni matofali. Mais ulisema mi ni mwongo, mbele ya batu bote. Nilikaa Butembo miaka sabini, hapana mutu aliniita vile. Na nyuma ukanyamaza. Nilikuwa naweka simu karibu hata kama niko naoga."

"Nilijua ukweli siku ya kwanza nilipofungua dirisha," nikamwambia. "Nilijua, nikaona haya."

"Miezi kumi na ine haya?"

"Miezi kumi na minne."

Akatingisha kichwa polepole kama mtu anayesikia bei ya kitu. Binti yake akapita, akatusalimia, akaingia ndani kwenye televisheni na watoto wanaoongea lugha mbili tatu kwa mara moja. Mama Kavira akamfuata kwa macho.

"Hapa kwa mutoto wananipenda," akasema. "Wanakatalia nifanye kazi. Nilililia haya maharagi ndiyo bakanipatia."

Tukachambua. Jua likahamia kwenye ukuta. Kisha akauliza, kama anauliza habari za mvua:

"Kule kwako, kuko nafasi ya kujenga furu?"

"Ipo. Nyuma ya jiko, upande wa migomba."

"Na kuni?"

"Kuni zipo."

"Batu banakula mukate?"

"Wanakula. Waliozoea mkate wa shule bado wananiulizia."

Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Kama mi naomba kuya?"

"Njoo hata kesho," nikasema. "Tupande basi moja. Chumba kipo, na dirisha linatazama ziwa."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nifike, akanitazama muda mrefu.

"Mi hapana kuya, Yustina. Nyonga hii hapana fika hata ku soko. Nilitaka tu kusikia utajibu nini."

Akachukua ungo, akaupepeta mara mbili, makapi yakaruka, akaniambia niinuke nichochee moto chini ya sufuria.